Shukia Gerezani

Hotelini walinionya: simu usiitoe hadharani,
mkoba uvae mbele, kama mja mzito,
na usisimame kituoni kama mtu aliyepotea.
Nikasimama kama mtu aliyepotea,
mkoba mbele, anwani ndani ya soksi,
São Paulo ikinipita kushoto na kulia
kama maji yanavyolipita jiwe.

Nilikuja kutafuta parafujo.
Cheka ukitaka. Kwetu cherehani tatu zimelala mwaka mzima
kwa kosa la kitu kisichozidi ukucha,
na karakana inayokitengeneza iko huku, Mooca,
tena haijibu barua.

Ajabu, neno lenyewe halikunipa shida.
Parafujo? niliuliza.
Parafuso! wakaitikia watu sita,
kila mmoja akielekeza upande wake.
Hakuna aliyesema sijui.
Muuza bahati nasibu akanyoosha mdomo:
hapo tu, hapo mbele tu.
Nami nimekulia kwenye hapo tu. Najua urefu wake.

Basi lilikuwa na mlango wa chuma wa kuzunguka:
unalipa, unausukuma kwa kiuno, unahesabiwa.
Mimi na mkoba tulikuwa wawili, ukatukatalia.
Seu Adauto, kondakta, juu ya kiti chake kirefu,
akanifundisha kwa mwili wake:
geuka ubavu, vuta tumbo.
Nikaingia kama barua.

Nikasimama, mkono juu ya bomba.
Mama aliyeketi akauvuta mkoba wangu
bila kuuliza, bila hata kunitazama vizuri,
akaupakata.
Ndio huu sasa, nikawaza, wizi wa mchana kweupe.
Kisha nikaona: kila aliyeketi amepakata cha aliyesimama.
Kijana amepakata trei ya mayai isiyo yake,
msichana mwenye kipini puani, kofia ya pikipiki na magongo ya mgonjwa,
wala hakuna aliyeshukuru,
kana kwamba paja la mtu ni rafu ya umma.

Dona Ivanilde, ndivyo Adauto alivyomwita.
Nilimpa anwani, akaisoma kwa kidole:
shukia igreja.
Nikasikia gereza.
Akarudia polepole, kama anayemlisha mgonjwa: i-gre-ja.
Ge-re-za, nikaitika. Nimeelewa.
Akafumba macho.

Basi nikatafuta gereza.
Nilitafuta ukuta mrefu, seng'enge, askari wa lindo,
wake za watu kwenye foleni na vifurushi vyao.
Kikapita kiwanda cha biskuti kilichofungwa,
duka la magurudumu, mbwa juu ya paa,
jumba jeupe la minara miwili, njiwa, kengele.
Zuri, nikasema. Likapita.

Kidevu chake kilikuwa juu ya zipu yangu.
Mikono yake, iliyopasuka kwa dawa ya kusafishia,
imeuzunguka mkoba:
shati, pasipoti, parafujo iliyovunjika ndani ya kiberiti.
Mara tatu nilifungua mdomo nimwamshe.
Mara tatu nikaufunga.

Mwisho wa njia. Adauto akagonga bomba kwa sarafu.
Ivanilde akashtuka, akatazama nje, akanitazama,
akashika kichwa. Igreja!
Akakutanisha viganja, akachora msalaba hewani.
Kanisa.
Sijui ni Mreno gani, na alifanya nini ndani yake,
hata neno likatufikia limefungwa kufuli.
Nilitaka kumweleza; nikakutanisha vifundo vya mikono, pingu.
Yeye viganja vya sala, mimi vya pingu,
na Adauto akicheka hadi akaomba leso.

Tukarudi na basi lile lile.
Naye kituo chake kilikuwa kimempita kitambo.
Safari hii nilipata kiti.
Kituo cha tatu akapanda kijana mrefu,
macho kwenye vibao vya barabara,
mkoba mbele, kama mja mzito.

Nikamnyooshea mikono.
Akasita.